Trei ya miche ya matundu 72: mfuniko safi, plastiki yenyewe ndo hovyo

Natoa nyota 4 kati ya 5. Majira ya kuchipua ndo haya na watu wanaulizia trei za kuoteshea, mi naongelea ile yenye sahani chini na mfuniko unaopitisha mwanga, juu ina vidirisha viwili vya kufungua na kufunga. Kwa bustani ndogo ya nyumbani inatosha na kubaki.

Kazi yote iko kwenye mfuniko. Nje udongo bado wa baridi ila humo ndani joto linashika, nyanya zikipata nyuzi 21 hadi 27 hivi zinaota ndani ya siku 5 mpaka 10, hoho ndo zina maringo, zinataka joto zaidi na bado zinakuja kwa kujivuta. Sasa sikia, miche ikianza kutokeza fungua vidirisha, usisubiri yote iote. Ukiona mpaka mchana matone bado yanachuruzika ndani ya mfuniko ujue hewa haitembei na kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche, hakiko mbali, mche jana ulikuwa wima leo umelala, shina limesinyaa kama uzi pale linapogusana na udongo, na ukifika hapo hauponi tena. Hilo ndo wangeliandika kwenye boksi, wao wameweka picha ya nyanya nyekunduuu.

Sahani nayo nzuri, unamimina maji humo udongo unanyonya wenyewe kutokea chini, baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki basi.

Ila plastiki jamani! Nyepesi mno, trei ikiwa na udongo mbichi ukaiinua kwa mkono mmoja inapinda katikati, kwahiyo ibebe na sahani yake. Alafu matundu madogo, nyanya zikishatoa majani halisi, yale yanayofuata baada ya yale mawili ya kwanza, mizizi inaanza kubanana na nje huwezi kuzipeleka maana usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 zinadumaa, so itabidi uzihamishie kwenye vikopo kwanza. Ukipata ya matundu 50 chukua hiyo.

Karoti usisumbuke kuziotesha humu, hazipendi kuhamishwa, mzizi unatoka na matawi matawi, we sia moja kwa moja kwenye tuta. Na stroberi chukua miche tu, kwa mbegu utasubiri mpaka uchoke.