Breka kuu ya kiwanda cha korosho: ya joto na sumaku, au ya kielektroniki?
Kwa kiwanda kidogo cha kubangua korosho Mtwara, breka kuu, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, wengi hufunga ya joto na sumaku (joto hukata mzigo ukizidi, sumaku hukata shoti), tuseme ya ampea 250. Ni nafuu. Ila kipande chake cha metali mbili, kinachopinda kikipata moto na kukata umeme, kwa kawaida hupimwa kwenye joto la hewa la nyuzi 40, na paneli iliyo chini ya bati mwezi Novemba hupita hapo, basi inakata kabla mzigo haujafika 250. Ya kielektroniki hupima mkondo kwa transfoma ndogo, joto haliisumbui sana, tena unapanga muda wake wa kusubiri, ili mota moja ikileta shoti breka ya mota hiyo itangulie kukata, kiwanda kizima kisizimike. Bei yake kali! Ningeilipia kwenye breka kuu tu. Yoyote utakayochukua, angalia kiloampea za kukata shoti, yaani mkondo mkubwa kabisa wa shoti inaoweza kuukata salama, hasa ukiwa jirani na transfoma inayoleta umeme kiwandani.