Begi la ngozi la shilingi 4,800: tazama mkanda kwanza

Nafundisha sekondari Eastlands, Nairobi, na mzigo wangu haubadiliki: kompyuta ya inchi 14 na chaja yake, rundo la karatasi za mtihani, chupa ya maji na mwavuli. Jioni huongezeka sukuma wiki na nyanya, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, begi la kazini ndilo kikapu changu cha sokoni. Yote hayo huingia kwenye begi la begani la ngozi, lenye kifuniko kirefu mbele, nililonunua soko la Kariokor, hapa Nairobi. Limenyeshewa, limekanyagwa ndani ya matatu, na bado naliamini. Wenzangu kwenye chumba cha walimu wakitaka kununua la kwao huniuliza wakague nini. Nawaambia mkanda. Ngozi baadaye.

Najua ni jibu la ajabu. Mtu akishika begi la ngozi hulipapasa, akalinusa, akaridhika. Lakini mabegi haya ni nadra kufa kwa ngozi kuchakaa. Hufia pale mkanda unapoungana na begi, kwa sababu kilo tano au sita huning'inia hapo siku nzima, zikivutwa na kila hatua unayopiga. Kwa hiyo ligeuze. Kipande kinachoshika pete kiwe kimeshuka chini ya mdomo wa begi kwa angalau upana wa vidole vitatu, kimeshonwa mraba wenye msalaba katikati, na ikiwezekana kipigwe pia ribiti, ile pini fupi ya metali inayobanwa pande zote mbili. Ukiona mstari mmoja tu wa uzi, lirudishe mahali pake. Mishono nayo isisongamane mno: ngozi iliyotobolewa matundu ya karibu karibu huchanika kwa kufuata mstari uleule. Uzi uwe wa nailoni au poliesta, kwani wa pamba huoza kwa jasho na mvua. Ukimpata fundi anayeshona kwa mkono kwa sindano mbili, mlipe anachotaka, kwa sababu mshono huo ukikatika mahali pamoja haufumuki wote.

Mimi huenda na sumaku ndogo mfukoni. Pete na bizimu (vile vifungo vya mkanda) zikinaswa, hizo ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu na siku moja zitashika kutu. Kwa anayeishi Mombasa au Lamu, siku hiyo haiko mbali. Zisiponaswa huenda ni shaba, au ni aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, ambayo haina kutu lakini hukatika ghafla. Shaba ni nzito mkononi, na ikikwaruzwa ndani yake ni njano vilevile.

Sasa ngozi. Muhuri wa "ngozi halisi" usikutie wazimu. Ngozi nene ya ng'ombe hupasuliwa matabaka, na hata tabaka la chini, lisilo na nguvu ya lile la juu, likishapakwa rangi ya plastiki hugongwa muhuri huohuo. Afadhali utazame ukingo uliokatwa, sehemu ambayo haijapakwa rangi. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikamana toka juu hadi chini. Ya bandia huonyesha kitambaa chini na utando juu, na utando huo ukikaa kwenye jua la dirisha la matatu huanza kuambuka magamba. Ubonyeze uso wake kwa kidole gumba pia: ngozi hujikunja mikunjo midogo kukizunguka kidole, plastiki huingia ndani tu na kutoka.

Bei nafuu inatoka wapi, basi? Kwenye makovu. Ng'ombe wetu wengi hupigwa chapa za moto, huumwa na kupe, hukwaruzwa na miiba malishoni, na mchunaji naye huweza kuacha alama za kisu. Viwanda vya ngozi hupanga madaraja kwa kuhesabu alama hizo, na ngozi yenye makovu huuzwa rahisi ijapokuwa uimara wake unaweza kuwa uleule. Begi langu lina vidoa vya kupe upande wa nyuma. Fundi, aliyeanza kuniita mwalimu aliponiona nikijaribisha karatasi za mtihani ndani, alitaka 6,500.

"Ng'ombe wako alikuwa na kupe," nikamwambia.

"Si ndiyo ujue alikuwa ng'ombe, mwalimu."

Alicheka, nami nikacheka, na tukafika 4,800. Lile jeusi lililong'aa bila doa, jirani yake, lilikuwa ghali zaidi, na rangi yake ilikuwa nene kiasi kwamba sikuweza kujua chini yake kuna nini.

Ufungaji wake una uzito katika mji huu. Mabegi mengi ya sasa yana bizimu za pambo na chini yake sumaku: unavuta, linafunguka. Ni raha kwako, na ni raha pia kwa kijana aliyebanana nawe mlangoni mwa matatu. Langu lina bizimu za kweli mbili, zinazoniudhi kila ninapotafuta kalamu, na chini ya kifuniko kuna zipu. Mkanda nauvaa kimshazari, begi likae mbele ya tumbo. Wembe unaopasua begi la kitambaa kwa pigo moja hupata taabu kwenye ngozi ya milimita mbili.

Kasoro zipo. Likiwa tupu tayari ni zito, na mwenye maumivu ya mgongo namshauri abaki na la turubai. Bitana lake ni kitambaa chepesi chenye mfuko mmoja, kwa hiyo chaja na nyanya hukutana. Na mvua za kwanza zilishusha rangi ya kahawia kwenye shati langu jeupe. Siku hizi kabla ya kununua nasugua kitambaa cheupe chenye maji upande wa ndani wa mkanda. Kitambaa kikitoka na rangi, bei ishuke au nihame.

Matunzo si kazi kubwa. Likilowa, likauke kivulini likiwa limejazwa magazeti, kamwe si kando ya jiko, kwa sababu joto hukausha mafuta ya ngozi ikapasuka. Nalipaka nta ya viatu isiyo na rangi mara moja moja. Mafuta ya kupikia usithubutu, huchacha na kunuka. Baridi ya Julai usilifungie kabatini, litaota ukungu.

Kariokor nenda asubuhi ya siku ya kazi, mafundi wakiwa na nafasi ya kukuongezea tundu kwenye mkanda au kupiga ribiti papo hapo. Beba kompyuta yako yenyewe uijaribishe ndani. Usikubali kuambiwa "inaingia hiyo". Na uende kabla hujala, kwani nyama choma ya pale itadai sehemu ya zile shilingi ulizookoa.