Goodreads, StoryGraph au LibraryThing: ipi inafaa kuonyeshana vitabu na marafiki?

Karibuni. Leo tunapima programu tatu za kuorodhesha vitabu kwa swali moja: rafiki akifungua ukurasa wako, anaona upesi ulichomaliza juzi na ulichonacho nyumbani hujakigusa? Mambo ya kushindana nani kasoma vingi mwaka huu, tuwaachie wenyewe.

Tuanze na Goodreads. Ipo tangu 2007, Amazon wakainunua 2013, na ubora wake mkubwa ni kwamba marafiki zako wasomaji huenda tayari wamo. Kinachokera ni rafu, yaani orodha, ya Want to Read (unavyotaka kusoma). Kitabu ulichonunua kikakaa na kitabu ulichosikia kikitajwa tu, vyote vinalundikwa humo. Rafiki anakuta vitabu 180, anachagua cha kuazima, kumbe unavyo 12 tu.

Dawa ipo. Ingia kwenye tovuti kwa kivinjari, fungua My Books, bofya Edit pale penye orodha ya rafu, uongeze rafu uiite "ninacho-sijasoma". Halafu, na hapa ndipo wengi wanaparuka, weka tiki kwenye exclusive. Kitabu hakikai kwenye rafu mbili za aina hiyo kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku ukikihamishia Currently Reading (unachosoma sasa), kinatoka chenyewe. Usipoweka tiki kitabu kinabaki kote kuwili, na baada ya miezi michache orodha yako ni ya uongo.

Kuingiza vitabu, skani bakodi iliyo nyuma ya jalada. Chini yake utaona ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, tarakimu 13 zinazoanza na 978 au 979. Programu ikikataa, angalia vizuri: mara nyingi umeskani kibandiko cha duka kilichobandikwa juu ya bakodi yenyewe. Vitabu vilivyochapwa kabla ya 1970 usivihangaikie kwa skani, tafuta kwa jina la kitabu na la mwandishi. Na kama unaingiza kabati zima kwa mkupuo, kwanza nenda kwenye mipangilio uzime taarifa za kuongeza vitabu, la sivyo marafiki watamwagiwa kila kimoja.

Tahadhari mbili. Ukikifuta kitabu kwenye rafu zako zote, nyota na maoni uliyoandika yanaondoka nacho. Pili, kuufanya ukurasa wako uonwe na marafiki tu hakufichi maoni uliyoweka kwenye ukurasa wa kitabu. Ukimponda mwandishi, jua hata mgeni anasoma.

Kitabu ukikiazimisha, kiache palepale kwenye rafu, jina la aliyekichukua liandike kwenye Private Notes. Sehemu hiyo unaiona wewe peke yako... mpaka utoe faili la CSV, yaani jedwali la vitabu vyako vyote, maana hata hizo noti zinatoka nalo! Kwa hiyo faili hilo usilirushe kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kufuta safu hiyo.

Faili lenyewe unalihitaji kwa kuhamia StoryGraph, ya Nadia Odunayo. Lipakie kama lilivyotoka. Ukilipitisha Excel kwanza, ISBN inaweza kugeuka 9.78E+12, na ukihifadhi hivyo tarakimu zimekwenda. StoryGraph inaruhusu hadi robo nyota, wakati Goodreads ni nyota nzima tu, hivyo kitabu cha tatu na nusu kule lazima ukipendelee au ukionee. Kitabu ulichokiachia njiani kina hali yake maalumu. Halafu alama ya "ninacho" imetenganishwa na rundo la kusoma, kwa hiyo ule ufundi wa rafu hauhitajiki kabisa. Kwangu hilo peke yake linatosha kuipa ushindi.

LibraryThing ni ya 2005, na tangu 2020 ni bure bila kikomo cha vitabu 200 kilichokuwepo. Inavuta taarifa kutoka maktaba nyingi, ndiyo maana vitabu vya zamani inavipata vizuri. Kwa kuorodhesha, hodari. Kwa kuonyeshana, utajikuta unajionyesha mwenyewe.

Basi: kama kundi lenu liko Goodreads tayari, msihame, tengenezeni ile rafu yenye tiki. Kama mnaanza watu wanne watano kutoka sifuri, nendeni StoryGraph.