Kamba ya kuruka ya usumba wa nazi kutoka Jambiani, baada ya miezi mitano mikononi mwa wanangu

Kamba ya kwanza niliinunua sokoni Darajani, mjini Unguja, kwa shilingi 12,000, kabla tu ya mvua za masika. Ilikuwa na mipini ya plastiki na kidude cha kuhesabia miruko ndani ya mpini mmoja. Sisi tunakaa Michenzani, ghorofa ya nne, na kijana wangu wa darasa la tano alikuwa akifika mlangoni anahema kuliko bibi yake mwenye miaka 64. Siku niliyomkuta mama amesimama kwenye ngazi anamsubiri mjukuu, moyo uliniuma kweli.

Wanangu wawili wanakwenda skuli asubuhi, wakirudi wanakula, wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na wakitoka huko ni televisheni na simu yangu. Mvua zikianza, hata ile nage ya chini ya jumba inakwisha. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka moyo uende mbio, na angalau siku 3 kwa wiki zimo shughuli nzito na za kukomaza misuli na mifupa. Kuruka kamba kumo humo. Wangu walikuwa hawafikishi hata dakika 20.

Kamba ile ya dukani tatizo lake ni wepesi. Ukiizungusha inajikunja hewani, inafika miguuni imechelewa, na mtoto ameshatua. Kile kidude kilizua ugomvi zaidi ya mazoezi: kilisoma 112 wakati binti yangu amehesabu 70 kwa mdomo, na kaka mtu akasema anaibiwa. Siku ya tisa ikakatika pale inapoingilia kwenye mpini. Anayetaka ya dukani namshauri aizungushe kwanza palepale dukani kabla ya kutoa pesa.

Mwezi wa nne tulikwenda harusini Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja. Nje ya nyumba ya jirani wa bwana harusi alikuwepo mama mtu mzima anasokota kamba kibarazani. Makumbi ya nazi wenyewe wanayafukia pwani, yanakaa miezi mpaka maji ya bahari yayalainishe, kisha yanafukuliwa na kupondwa kwa mti hadi ubaki usumba mtupu. Ukikauka ndio unasokotwa, viganja viwili tu, hakuna mashine. Nilimuomba pima sita, akanifanyia shilingi 6,000. Nilipomwambia ni ya watoto kurukia, aliniangalia akacheka.

"Mwanangu, hii haikatwi na mbuzi dume, itakatwa na vitoto?"

Nyumbani tulikata mbili fupi, kila moja pima moja na dhiraa moja. Kipimo ni rahisi: mtoto akanyage katikati, ncha zimfike makwapani. Kilichobaki ni kamba ndefu ya kuchezea uwanjani, wawili wakizungusha na wengine wakiingia. Usumba unachoma viganja, hilo nililiona siku ya kwanza, basi nikachana kanga kuukuu nikazungushia ncha na kuzishona kwa sindano ya gunia. Mpaka leo hazijafumuka.

Tofauti niliisikia kabla ya kuiona. Kamba ina uzito, ikigusa sakafu inasema pa! pa! pa!, na binti yangu wa miaka minane aliacha kuitazama miguuni akaanza kuruka kwa sikio. Inanuka pwani kidogo. Mimi napenda.

Shindano letu kubwa ni la dakika moja. Bibi anashika saa, mimi nahesabu, matokeo yanaandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Mwanzo niliwashindanisha wao kwa wao na nilikosea sana: dada mtu alimshinda kaka yake na yule akasusa siku tatu, hagusi kamba. Sasa kila mmoja anashindana na namba yake ya jana. Kijana alianza na 23. Wiki iliyopita aliandika 96, akaizungushia duara mara mbili. Mchezo unaopendwa zaidi lakini ni wa nyoka: bibi anakaa kitini, anaitikisa kamba ndefu sakafuni, wao wanairuka, anayeguswa anakwenda chini kugusa mlango wa ngazi na kurudi. Ghorofa nne hizo, kushuka na kupanda, na hawajui kama wanafanya mazoezi.

Wenye kukaa majumba kama yetu wasikilize hapa. Siku ya pili jirani wa chini alipiga hodi. "Shoga, dari langu linakuja!" Alikuwa na haki. Tukakubaliana: baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, juu ya blanketi lililokunjwa na mkeka juu yake, na ikianuka tunashuka uwanjani. Wiki ya pili wanawe wawili walikuja wenyewe kuuliza nyoka anatoka saa ngapi.

Kasoro zipo. Inapukutisha vumbi la usumba, kwa hiyo kufagia ni kila siku. Ikinyeshewa inakunywa maji, inakuwa nzito, na kukauka ni siku mbili. Ikimpata mtoto kwenye kifundo cha mguu inauma na inaacha alama, ndiyo maana walio chini ya miaka sita kwangu hawapewi ile fupi, wanaruka nyoka tu. Na pale katikati panapopiga saruji pamelika. Mwezi uliopita nilipafunga kitambaa.

Hata hivyo kwa shilingi 6,000 nimepata kamba tatu, na ile ya 12,000 imebaki mipini. Nitanunua tena kabla ya vuli kwa ajili ya watoto wa dada yangu wa Wete. Ukienda Jambiani omba iliyosokotwa nyembamba, unene wa kidole cha shahada. Ile nene ya kufungia ngarawa mtoto haiwezi kuizungusha.