Duka la mawe Ngamiani: vito safi, chuma cha UFO hapana

Wadau wa Tanga, hili duka vito vyao viko poa kabisa, ganeti za Bonde la Umba nimeziangalia kwa lenzi ziko safi na bei inashuka mkielewana. Shida ni kile kipande cha magnesiamu wanachouza eti kimeanguka toka UFO, yaani chombo cha angani kisichojulikana, kina karatasi imeandikwa "usafi wa hali ya juu" lakini jina la maabara hakuna, wala nani alikiokota na wapi.

Jamani usafi peke yake unathibitisha nini? Vile vipande vya magnesiamu vya Ubatuba, Brazili, vya 1957, vilivyodaiwa kutoka kwenye UFO iliyolipuka, navyo vilisifiwa hivyohivyo, na vilimfikia mwandishi wa gazeti kwa barua ya mtu asiyejulikana. Timu ya mwanafizikia Condon ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, iliyochunguza habari za UFO, wakavipima, ripoti yao ya 1968 ikaonyesha kampuni ya Dow ilikuwa inatengeneza magnesiamu safi kuliko hiyo! Nimemuuliza muuzaji kama isotopi zimepimwa (zile atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, uwiano wake ungeweza kuonyesha kama kitu si cha duniani), kanionyesha tena karatasi ileile.

Nyota 3, zote za ganeti. Hicho chuma wakitoe kabatini, vijana wa shule wanakipigia picha wanaamini kweli.