Kipima unene cha mawimbi ya sauti: kwa wanaotafuta bloku za mashindano

Ukinunua bloku za zamani za injini kwa kutegemea namba zilizosubiwa ubavuni, kuna siku utalipia bloku ya mashindano na kupelekewa ile iliyokuwa kwenye gari la kwenda kazini. Mimi hujenga injini za mbio, na chombo ninachokiamini kuliko vyote katika ununuzi ni kipima unene cha mawimbi ya sauti. Ni kidogo, hukaa kiganjani, kina waya mmoja na senso mwishoni. Unapaka jeli ndani ya silinda, unagusisha senso ukutani, wimbi linapenya chuma hadi upande wa njia za maji na kurudi. Chombo huhesabu muda huo na kukupa milimita.

Namba zina kazi yake, ila hazimalizi habari. Chukua Chevrolet yenye namba 3970010. Wauzaji huitaja kama vile ni hati ya ukoo wa kifalme. Ni kweli kwamba bloku hiyo ilitumika kwenye injini ya 302 (ujazo wake kwa inchi) ya gari la Camaro Z/28 la mwaka 1969, iliyotengenezwa ili gari likubalike katika mbio za Trans-Am zenye kikomo cha inchi za ujazo 305. Lakini namba hiyohiyo ilisubiwa kwenye bloku nyingi mno za 350 za kawaida, zenye bolti mbili au nne kwenye kofia za beringi kuu, yaani vipande vinavyoishika krenki, shafti kuu ya injini. Usipofungua sampu, karai la mafuta chini ya injini, hujui zipi. Herufi DZ zinazoitambulisha 302 ya mwaka huo zimegongwa kwa nyundo kwenye kibapa (sehemu bapa) cha mbele, kando ya silinda hedi, na kinachogongwa kinaweza kugongwa tena. Mwangaza wa tochi ukilala juu ya kibapa hicho unapaswa kuonyesha mistari myembamba ya mashine ya kiwandani, inayokwenda mbele kwenda nyuma. Kikiwa laini kama kioo, bloku ile imeshasawazishwa uso, na herufi unazoziona zimekuja baadaye.

Ford wa familia ya FE, injini zake kubwa za zamani, ndio wanaonifanya nikipende zaidi chombo hiki. Bloku nyingi za familia hiyo zimesubiwa "352" mbele hata kama ndani ni 390 au 428. Anayetafuta 427, injini iliyolipa gari la mbio la GT40 ushindi wa mbio za Le Mans mwaka 1966, huambiwa atazame bolti zinazoingia kutoka ubavuni kushika kofia za beringi kuu za katikati. Ushauri mzuri, ila 406 za mwisho nazo zilikuwa na bolti hizo. Basi pima kipenyo cha silinda: 427 ni milimita 107.5 hivi, 406 ni 104.9. Tazama pia ubavu wa kushoto chini, kama kuna uvimbe mrefu wa njia ya mafuta. Huo ndio unaoonyesha bloku inayopeleka mafuta kwenye beringi za krenki kwanza kabla ya kamshafti, shafti inayofungua vali.

Sasa umehakikisha ni 427 halisi. Je, inafaa? Hapa macho hayasaidii tena. Kuta za 427 ni nyembamba tangu kiwandani, na bloku ambayo silinda zake zimechongwa kupanuliwa mara mbili inaweza kuwa ya nadra kabisa na wakati huohuo isiwe na chuma cha kustahimili mbio. Fundi wa zamani angetoa kizibo cha maji na kupitisha vishina vya keekee kati ya silinda ili kukadiria nafasi. Mbinu hiyo bado naiheshimu kwa kutambua aina, lakini kutu iliyoganda hupunguza nafasi, na unene wa ukuta huupati. Chombo hukupa unene pande zote nne za kila silinda. Mimi hutaka angalau milimita 4 upande ambao pistoni husukumwa wakati wa mlipuko. Kiini cha kusubia, umbo linaloacha nafasi ya maji ndani ya chuma, kikiwa kilihama kiwandani utakiona palepale: upande mmoja mnene, wa pili mwembamba. Silinda ikiwa na sleevu, yaani bomba la chuma lililoingizwa kuikarabati, kipimo mara nyingi huishia kwenye sleevu yenyewe, nacho hufanana mno kila upande. Hiyo ni habari ambayo muuzaji huisahau.

Kwenye injini ya Nissan RB26 kazi ni rahisi kidogo, kwani bloku ya N1, ile ya mbio, huwa na alama 24U na ya kawaida 05U. Bado napima.

Kasoro yake kubwa ni kasi ya sauti. Vyombo vingi hutoka dukani vimewekwa kwa feleji ya kawaida, takriban mita 5,900 kwa sekunde. Chuma cha kusubu hupitisha sauti polepole zaidi, karibu 4,600, na hubadilika bloku kwa bloku. Ukiacha mpangilio wa feleji, ukuta wa milimita 4 utasomeka zaidi ya 5, na tofauti hiyo inatosha kuuza bloku mbovu kwa bei ya nzima. Kwa hiyo tafuta sehemu ya bloku hiyohiyo unayoweza kuishika kwa maikromita, rekebisha kasi mpaka namba zilingane, ndipo uingie silindani. Muuzaji akikutumia picha ya kipimo, muulize aliweka kasi gani.

Chombo hakionyeshi nyufa. Hizo zinataka kipimo cha sumaku. Wala hakifanyi kazi pistoni zikiwa ndani, hivyo bloku lazima iwe tupu na safi. Ukinunua, chagua senso ya kipenyo cha milimita 6 hivi, kwa sababu kubwa zaidi hazikai vizuri kwenye ukuta uliopinda na namba hurukaruka. Hakikisha pia kasi inaweza kubadilishwa kwa mkono. Chenye orodha ya metali zilizopangwa tayari pekee, kirudishe dukani.