Kozi ya MIT 18.03 ya mzee Mattuck: kwa anayesoma difrensho ikwesheni chuoni, bando lako haliendi bure

Wana wa enjiniaringi, fizikia na nyie wa hesabu wenyewe, najua saa hizi wengi mnahangaika na difrensho ikwesheni (zile hesabu za kutafuta fankshen ukiwa umepewa namna inavyobadilika) maana maswali ni yaleyale kila semista, nisome wapi, nani ana desa zuri, kuna video gani ya kueleweka. Leo naongelea kitu kimoja tu ambacho nimekisoma mwanzo mpaka mwisho, kozi ya MIT, kile chuo cha teknolojia cha Marekani, inayoitwa 18.03, lekcha za Arthur Mattuck, zipo bure kwenye tovuti ya MIT OpenCourseWare na YouTube pia zipo. Msimamo wangu nauweka mapema kabisa, kama unataka kuielewa ODE (yaani difrensho ikwesheni ya kawaida) yenyewe, ukaijua inafanya nini na kwa nini, sijaona kitu cha bure kinachoifikia hii kozi. Ila ukitaka kwenda nayo peke yake kwenye UE (mtihani wa mwisho wa semista) ya chuo cha huku kwetu itakuacha njiani kwenye topiki kama mbili tatu, hizo nitazisema.

Kwanza ni kitu gani. MIT walitangaza mwaka 2001 kwamba wataweka kozi zao wazi kwa dunia nzima, hakuna ada, hakuna kujisajili, na cheti hawakupi. Lekcha hizi za Mattuck zilirekodiwa 2003, kila moja inakaribia dakika 50, namba zinaenda mpaka lekcha ya 33. Mzee mwenyewe alifariki 2021 na alifundisha hapo MIT miaka mingi sana, toka miaka ya 1950, na inaonekana kabisa, yaani unamuona mtu anayejua mwanafunzi atakwama wapi kabla mwanafunzi hajafika hapo. Hana slaidi wala projekta, ni chaki na ubao mwanzo mwisho.

Sasa uzuri wake uko wapi. Sisi wengi tumetoka form six PCM au PGM tukiwa na difrensho ikwesheni tayari kwenye Advanced Mathematics, na tulichobeba ni aina za maswali, hii separable, hii homogeneous, hii exact, hii linear tafuta integrating factor (ile fankshen ya kuzidishia kote), kila aina na fomula yake. Tukifika chuo inaendelea hivyohivyo, lekchara anaandika aina, anaandika njia, mfano mmoja, mfano wa pili, anafuta ubao. Unaweza kupata A kwa njia hiyo na bado mtu akikuuliza jibu ulilopata lina maana gani ukabaki unamtazama. Mattuck anaanza kinyume kabisa, lekcha ya kwanza nzima hatafuti jibu kwa fomula, anachora.

Chukua mfano wake mmoja wa lekcha hiyohiyo ya kwanza, y′ = 1 + x − y. Sisi hapo mkono unakimbilia integrating factor. Yeye anakwambia subiri, y′ ni slopu, basi ikwesheni yenyewe inakupa slopu kwenye kila nukta ya grafu bila kusolvu chochote. Anauliza slopu ni 0 wapi? Kwenye mstari y = x + 1, anauchora na juu yake anaweka vijistari vilivyolala. Slopu ni 2 wapi? Kwenye y = x − 1, anaweka vijistari vilivyosimama kidogo. Slopu ni 1 wapi? Kwenye y = x, na hapo ndo utamu ulipo, maana mstari y = x wenyewe una slopu 1, kwa hiyo ule mstari ni jibu tayari, umelipata kwa macho! Halafu anakuonyesha ile njia kati ya y = x + 1 na y = x − 1, kwamba jibu lolote likishaingia humo haliwezi kutoka tena, kwa juu slopu ni 0 wakati mstari wenyewe unapanda kwa 1 kwa hiyo linarudishwa ndani, kwa chini slopu ni 2 kwa hiyo linarudishwa ndani vilevile. Basi majibu yote yanaishia kuukaribia mstari y = x. Ukija kusolvu sasa kwa fomula unapata y = x + Ce⁻ˣ na unaona mwenyewe kwamba ile Ce⁻ˣ inakufa kadiri x inavyokua, yaani fomula inakwambia kitu ambacho picha ilishakwambia. Mimi hii ilinibadilisha namna ya kusoma kozi nzima, na ndo maana nawasukuma watu waanzie lekcha ya kwanza hata kama chuoni mmeshafika mbali.

Lekcha ya pili ni njia ya Euler, ya kukadiria jibu hatua kwa hatua kwa kufuata slopu, anatumia y′ = x² − y² ikianzia y(0) = 1, hatua ya 0.1. Slopu ya kwanza ni −1 kwa hiyo unashuka hadi 0.9, slopu inayofuata ni −0.8 unashuka hadi 0.82, unaendelea hivyo. Wengi tunafundishwa tunaishia kwenye jedwali. Yeye anauliza swali ambalo mainjinia wanatakiwa walijue, je jibu hili limezidi au limepungua kuliko jibu halisi? Na anakuonyesha kwamba huhitaji kujua jibu halisi, angalia y″ tu, hapo mwanzoni ni 2, chanya, mkunjo unakunjika kwenda juu, basi Euler yuko chini yake. Ukienda kufanya kazi na programu za kompyuta za kusimuleti, hilo swali utakutana nalo.

Lakini kama muda wako ni wa kuangalia lekcha moja tu, nenda ya 19, transfomu ya Laplace. Naomba niseme kwa uchungu kidogo kwamba topiki hii vyuoni inaletwa kama jedwali limeshuka kutoka mbinguni, shika jedwali, fanya kwenda na kurudi. Hakuna anayesema ile e⁻ˢᵗ imetoka wapi. Mattuck anaanza na power series ya kawaida, jumla ya aₙxⁿ. Anasema ukinipa namba zote aₙ ni 1 nakurudishia 1/(1−x), ukinipa 1/n! nakurudishia eˣ, kwa hiyo hii ni mashine, unaingiza mfuatano unatoka na fankshen. Sasa vipi kama badala ya n kuruka 0, 1, 2, 3 tuweke t inayotiririka bila kuruka? Jumla inageuka intigro, xⁿ inakuwa xᵗ, xᵗ unaiandika kwa e, ile ln x ni lazima iwe hasi ili intigro isilipuke, kwa hiyo anaiita −s, na hapo ubaoni inatokea Laplace yenyewe, intigro ya f(t)e⁻ˢᵗ kutoka 0 hadi infiniti. Ni dakika chache tu na baada ya hapo huwezi kuisahau hata ukitaka.

Lekcha 14 ya rizonansi nayo nzuri, unaona jinsi sin inavyopata t mbele yake pale frikwensi ya nje ikilingana na ya mfumo, ndo mtikisiko unazidi kukua. Za mwishoni kuhusu sistimu (ikwesheni kadhaa kwa pamoja) na aijenivalyu (namba maalumu za matriksi) ni ngumu zaidi, hapo inabidi urudie, na kama matriksi zako hazijakaa sawa pumzika kwanza ukazinoe.

Kuna jambo la kuchagua toleo. Mkiingia OpenCourseWare mtakuta 18.03 zaidi ya moja, mimi nashauri ile yenye herufi SC mwishoni, 18.03SC ya 2011, imetengenezwa kwa mtu anayejisomea mwenyewe, imegawanywa yuniti 4, video za Mattuck zimekatwa zimepangwa pamoja na notisi fupi, video za wasaidizi wakisolvu maswali, maswali ya mazoezi na mitihani, yote na majibu yake. Na kuna vile vijiprogramu wanaita Mathlets, vinafunguka kwenye brauza, unasogeza kitufe unaona mkunjo unabadilika palepale, cha isoklaini (mistari ya slopu moja, kama ile ya mfano wa juu) na cha damping (msuguano unaopunguza mtikisiko) ndo nilivyovitumia zaidi. Fungua kile cha damping, sogeza konstanti ya msuguano taratibu uone mahali springi inapoacha kuyumba, ile critical damping ya kwenye notisi utaiona kwa macho yako.

Bei ni sifuri ila bando ndo bei yenyewe, tuwe wakweli, boom (hela ya mkopo ya kujikimu) likichelewa hakuna wa kuangalia video za saa nzima. Habari njema ni kwamba video zinadownlodika na zimeandikwa maneno yake kwa PDF, tena leseni yao inaruhusu kunakili na kugawana mradi hufanyi biashara na unawataja. Kwa hiyo mtu mmoja anayepata waifai ya chuo anashusha zote usiku, mnahamishiana kwa flashi pale kwenye kimbweta. Video zenyewe ni za 2003 kwa hiyo picha si kali, kwenye simu ndogo chaki haisomeki vizuri, tumia laptop au soma PDF pembeni. Kiingereza chake anaenda kasi, washa maandishi ya chini.

Sasa mapungufu kwa mtu wa huku. Exact equations hana lekcha yake, na kwetu zinatoka UE kila mara. Kusolvu kwa series, Frobenius, Bessel, hizo pia usizitafute humo. Na kwenye particular solution anapenda opereta na eksponenshali ya kompleksi badala ya ile undetermined coefficients (unakisia umbo la jibu halafu unatafuta namba zake) tunayofundishwa, njia yake ni fupi sana ukiizoea ila msahihishaji mwingine anataka njia aliyofundisha yeye, kwa hiyo jua zote mbili. Kwa mapengo hayo nenda Paul's Online Notes, ni notisi za bure za mwalimu wa Chuo Kikuu cha Lamar kule Texas, exact zipo, series zipo, mifano imesolviwa hatua kwa hatua na PDF unashusha nyepesi kabisa. Hazina ile roho ya Mattuck lakini kwa kufanya maswali mengi haraka zinafaa mno.

Kingine, video hata ukiangalia zote bila kushika kalamu hazikusaidii kitu, kila lekcha simamisha pale anapouliza swali, solvu, ndo uendelee.

Wa umeme na telekomu ambao Laplace inawasubiri kwenye saketi na kontrol, anzeni na lekcha ya 6 ya kompleksi namba, halafu rukeni moja kwa moja hadi 19, shukeni nayo mpaka 23 kwenye delta ya Dirac (ile ya pigo la ghafla). Wa sivili na makanika nyie 9 mpaka 14 ndo zenu.